Jioni ya garimoshi la mvuke shambani Kisauni: uzoefu wangu

Tiketi inasema saa kumi na moja jioni, lakini ukilipenda garimoshi fika saa nane mchana. Lango huwa wazi, hawakufukuzi, na kazi nzuri kuliko zote hufanyika hapo kabla gurudumu halijazunguka.

Injini yao ni ndogo, ya magurudumu manne, aina ya zile zilizovuta mkonge mashambani, na inapita kwenye reli ya upana wa milimita 610. Moto huwashwa saa saba kwa vifuu vya nazi, maana vifuu hushika upesi na vina joto kali, kisha hufuata kuni za mvinje mkavu zilizopasuliwa unene wa kifundo cha mkono. Moto hauharakishwi. Bati la sanduku la moto likipashwa ghafla hutanuka kabla ya mwili wa bwela, yaani tangi la kuchemshia maji, na mabomba huanza kuvuja kwenye viungo. Kufika saa tisa unusu sindano ya kipimo cha shinikizo la mvuke inasoma bar 2, na hapo mvuke wenyewe unaanza kusaidia: dereva anafungua vali ndogo, mvuke unapuliza kwenda juu ndani ya bomba la moshi, na hewa inavutwa motoni. Saa kumi na moja kasoro iko bar 10.

Muombe dereva akuoneshe kioo cha maji. Ni kibomba cha kioo chenye urefu wa kiganja, kinachoonesha kimo cha maji ndani ya bwela, na roho ya chombo kizima imo humo. Maji yakitoweka kwenye kioo, paa la sanduku la moto huenda likabaki kavu, na hapo kinga ya mwisho ni plagi ya madini ya risasi inayoyeyuka na kumwaga mvuke juu ya moto. Dereva wa hapa alikifungulia maji na kukipuliza kabla ya kila safari, akahakikisha hakijaziba. Kwa hilo peke yake namwamini.

Kasoro kubwa ni maji. Jioni niliyokwenda, safari ya pili ilisimama dakika 40 kwa sababu injekta, kifaa cha kuingiza maji kwenye bwela, iligoma. Injekta hufanya kazi kwa mvuke kukutana na maji baridi, ukageuka maji papo hapo na kuyasukuma yote ndani ya bwela. Tangi lao jeusi la plastiki limeanikwa juani mchana kutwa. Maji yakitoka yana joto la kuogea, mvuke haugeuki, na injekta inayatema yote chini. Tangi lingehamishiwa chini ya mwembe ulio hatua kumi tu kutoka hapo, tatizo lingepungua sana. Tena maji yenyewe ni ya kisima. Sisi wa pwani tunayajua: chumvi, na chokaa ya matumbawe. Chokaa hugandia mabomba, chumvi hutoa povu, na povu likiingia kwenye silinda, mule mvuke unamosukuma pistoni, pamoja na mvuke linaweza kupasua kifuniko chake, kwa kuwa maji hayabanwi. Ndiyo maana injini inapoondoka unaona mvuke ukifyatuka pembeni huku chini: dereva ameacha vikoki vya silinda wazi atoe maji. Usisimame upande huo. Maji ya mvua, au ya boza, yangewapunguzia balaa hili.

Njia ni mzunguko wa kama mita 900, mwendo wa mtu anayetembea haraka. Kwenye mvinje majani hudondokea reli, yakipata umande magurudumu yanateleza hapo hapo bila kusonga. Kijana mmoja hutangulia na ndoo ya mchanga mkavu. Mabehewa ni mabenchi yenye paa la turubai, mithili ya vile vigari vilivyosukumwa na watu kwenye reli nyembamba za mjini Mombasa miaka hiyo, na nimefurahi kuona wamekumbuka. Lakini mwongozaji aliyeifananisha reli hii na ile kubwa arekebishe maelezo yake: reli kubwa iliyoanza kujengwa hapa Mombasa 1896 na kufika Kisumu 1901 ilikuwa ya upana wa mita moja, si hii.

Wageni huvaa mavazi ya mwaka huo wa 1901, na wasiokuwa nayo huazima kwa shilingi 500. Kanzu, vizibao na kofia za vito ni safi kabisa. Kanga ndizo zilizoniudhi: zina majina ya herufi za Kirumi, wakati kanga za mwanzo zenye maandishi zilikuwa za herufi za Kiarabu. Za maua na madoa matupu zingefaa zaidi. Kina mama, pindo lolote refu likunjwe na kufungwa kiunoni kabla ya kupanda, kwani ngazi iko karibu na gurudumu. Makubadhi yanateleza kwenye bati lenye oili. Kanzu nyeupe ikipata tone la oili, pakaza unga wa chaki, uache unywe mafuta, ukung'ute, ndipo usugue kwa sabuni ya kipande. Ukianza na maji doa linaganda.

Keti mabehewa ya nyuma, ya mbele hunyeshewa masizi. Bomba la moshi lina wavu wa kuzuia cheche, na ni lazima, kwa sababu banda la chakula limeezekwa makuti. Niliona ndoo sita za maji pale, zimejaa.

Chakula kizuri, hasa mbaazi za nazi kwa mahamri. Kahawa iliishia njiani. Safari husimama Magharibi watu wakaswali, kuna maji ya udhu na mikeka.

Bei ni shilingi 3,500 mtu mzima, watoto nusu. Nitarudi, na nitaelekea kwanza kulitazama lile tangi. Tuktuk za kurudi Bamburi Mtambo huadimika baada ya saa nne usiku, kwa hiyo elewana na dereva wako akungoje.