Uzamili: ubaki Mlimani au uhame?

Kwa gharama, kubaki kunashinda. Aliyemaliza shahada ya kwanza Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ana chumba chake Changanyikeni na anajua duka la fotokopi lisilomlangua. Akihamia Dodoma, mwenye nyumba anadai kodi ya miezi sita kabla hata ada haijalipwa.

Usimamizi wa tasnifu ndiyo hoja nzito. Mwalimu aliyekufundisha anaujua uandishi wako, hivyo hamuanzi kufahamiana upya. Ila huenda bado anakuona mtoto wa mwaka wa pili, na nadharia mtakazozungumza ni zilezile. Ugenini hoja zako zitapingwa, na kwa anayetaka kufundisha chuo, naona faida hiyo inazidi kodi. Tena barua za mapendekezo zisitoke zote korido moja.

Fani nayo ina neno. Kitivo cha Kilimo cha Mlimani, kilichokuwa Morogoro, kiligeuzwa kuwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) mwaka 1984, kwa hiyo mtafiti wa mazao ana sababu ya kupanda basi. Wa isimu ya Kiswahili ana TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, palepale Mlimani.

Mwenye ajira na watoto Dar es Salaam abaki. Aliyepata ufadhili, na hana mtu anayemtegemea, afungashe.