TAHADHARI: Milango ya "mninga" iliyopakwa rangi. Mnaomalizia nyumba, someni hapa

Wakuu, jina la karakana silitaji kwa sasa kwa kuwa suala liko kwa mwenyekiti wa mtaa. Ila mchezo wenyewe nitaueleza, maana najua siko peke yangu.

Nyumba yetu iko Goba, Dar es Salaam, tumeijenga miaka minne kwa kudunduliza. Jipsamu na vigae vilipokwisha, zikabaki kazi za mbao. Mama watoto akaona picha za milango mtandaoni, akanituma nikaone. Mlango wa maonyesho niliugonga, nikaunyanyua: mninga, mzito, kahawia mpaka kwenye ukingo. Bei 380,000 kwa mlango mmoja, bila fremu wala kitasa. Nikaagiza saba, jumla 2,660,000, nikatanguliza milioni mbili. (Ndiyo, najua. Mke wangu ameshanisema.)

Muuzaji akaanza kuleta mlango wa mbele. Huo ni mninga halisi, sina neno, na ndio ulionilegeza. Sita ya ndani ililetwa baada ya wiki tatu, saa moja usiku, imeshapigwa vanishi, umeme wenyewe siku hiyo umekatika. Nikapokea kwa tochi ya simu, nikammalizia hela yake.

Aliyeniumbua ni fundi wa vitasa. Alipochimba tundu la kitasa kwa patasi, maganda yakatoka meupe kama muhogo. Nikampigia muuzaji. "Kaka, hiyo ni sehemu ya karibu na gome, mninga wote uko hivyo." Hapo ndipo ujanja wake ulipo, kwa sababu ni kweli mninga una ubao mweupe upande wa gome. Lakini tulichimba sehemu nne, katikati ya paneli na juu ya mlango, kote kweupe, na kwenye kifundo kimoja utomvu unanata. Ni msindano, hizi mbao laini tunazopaulia, umepakwa rangi ya kahawia kisha vanishi juu. Nilipomtumia picha akanibloku.

Tena mbao yenyewe ilikuwa mbichi. Wiki ya tano paneli zikaanza kuachia, ukilala unaona taa ya korido kwenye nyufa. Mninga uliokauka vizuri haufanyi hivyo, ndiyo sifa yake: haunywei sana wala haupindi ovyo.

Kwa hiyo mnaoagiza, mwambieni fundi asipake chochote mpaka mje muone milango ikiwa mitupu, yote, mchana. Akishapaka, angalieni ukingo wa juu na wa chini, wengi huko hawahangaiki kupaka. Kwaruza kidogo kwa ncha ya kisu ndani ya tundu la kitasa. Kwenye risiti andikeni aina ya mbao kwa kila mlango. Yangu imeandikwa "milango 7", basi, na mwenyekiti alipoisoma alinitazama tu. Na hela ya mwisho itoke milango ikishafungwa na kufunguliwa mbele yako.

Kabati la jikoni nalo nilitaka kumpa huyohuyo. Mungu saidia.

Mlango wa bafuni umepinda, haufungi mpaka uuegemezee ndoo ya maji kwa ndani. Aliyewahi kurudishiwa hela kwa kesi kama hii anieleze alipitia wapi.