WandaVision episodi ya mwisho: mashabiki walimsubiri mgeni, mi nilitaka watu wa Westview waombwe msamaha

Kama WandaVision, sirizi ya Marvel ya Disney+, bado hujaiona itafute uione, na ukifika episodi ya 8 weka simu pembeni kabisa. Huko chini namwaga kila kitu, nani kafa nani karudi, kwa hiyo asiyetaka kuharibiwa stori aishie hapa arudi akimaliza. Ninayotaka kuiongelea hasa ni episodi ya 9, ile ya mwisho, iliyotoka Ijumaa ya tarehe 5 Machi 2021, kwa sababu mpaka leo ukiitaja tu kwenye grupu la wapenzi wa Marvel watu wanaanza ugomvi upya utadhani imetoka jana, na mi naona wengi wanalalamikia kitu ambacho sicho, halafu kosa lenyewe kubwa wanalipita hivi hivi.

Kwa ambaye hajui kabisa. Wanda Maximoff (Elizabeth Olsen) alikuwa na mpenzi wake Vision (Paul Bettany), yule mwekundu mwenye jiwe kwenye paji la uso. Kwenye muvi ya Infinity War ya 2018 Wanda alilazimika kumuua Vision kwa mkono wake mwenyewe ili adui Thanos asilipate lile jiwe, na alipomaliza tu Thanos akarudisha muda nyuma, akamfufua Vision, akaling'oa jiwe, akamuua mara ya pili, Wanda anaangalia. Sasa sirizi inaanza hao wawili wako hai, wameoana, wanaishi kamji kadogo kanaitwa Westview huko New Jersey, picha nyeusi na nyeupe, kila kitu kimekaa kama vile vichekesho vya familia vya TV ya Marekani vya zamani na vicheko vya watu kwa nyuma. Kila episodi zama zinasogea, miaka ya 50, 60, 70, hadi tunafika za juzi juzi hapa. Jac Schaeffer ndiye kichwa cha uandishi na Matt Shakman kaongoza zote 9, na ile ya kwanza waliirekodi mbele ya watazamaji kweli waliokaa studio. Vision karudije, wale majirani ni kina nani, ndio fumbo lenyewe.

Sasa fumbo ukiwapa mashabiki wa Marvel wa mwaka ule umejitafutia mwenyewe. Muvi ya mwisho walikuwa wamepata ile ya Spider-Man ya Julai 2019, corona ikafunga majumba ya sinema, 2020 nzima ikapita kavu, halafu Januari 15 inakuja hii, episodi mbili siku ya kwanza kisha moja moja kila Ijumaa. Disney+ huku kwetu ilikuwa haijafika rasmi lakini kila mtu aliipata kwa njia zake, na ikishatoka kule, ambako kwetu ni kama saa tano asubuhi, ukichelewa mpaka jioni ushaharibiwa stori yote kwenye status za watu. Wiki nzima kati ya Ijumaa na Ijumaa watu wanasimamisha picha, wanakuza, wanasoma saa ya ukutani, wanasoma chapa ya mvinyo. Mi nilizipenda zile wiki, sitaki kudanganya, muda mrefu sana sijaona watu wengi hivyo wanaongelea kitu kimoja kwa pamoja.

Episodi ya 5 ndiyo iliyowasha moto. Mwishoni mlango unagongwa, Wanda anafungua, na aliyesimama pale ni kaka yake Pietro aliyekufa kwenye muvi ya Age of Ultron ya 2015, ila sura siyo ya Aaron Taylor-Johnson, ni Evan Peters, yaani yule yule aliyecheza mwenye mbio kwenye muvi za X-Men za Fox kuanzia 2014! Ukijua kwamba Disney waliinunua Fox 2019 unaelewa kwa nini watu walipiga kelele, kila mtu akasema haya X-Men hao wanaingia, mlango ndio huo umefunguliwa. Na wengine walikuwa wanamsubiri Mephisto, shetani wa komiki za Marvel, na wala hawakumtoa hewani, maana kwenye komiki za miaka ya 80 watoto mapacha wa Wanda waliishia kuwa vipande vya roho ya huyo Mephisto. Ukiongeza kwamba jirani yao Agnes kila saa anamtaja mume wake Ralph ambaye haonekani, na kwenye episodi ya 2 mtu anamtaja ibilisi tu Agnes anadakia kwamba huyo hayupo hapo tu, yupo na kwingine, basi watu wakafunga faili, Ralph ndiye Mephisto.

Waliotengeneza nao walichangia, hili lisemwe. Bettany alizunguka kwenye mahojiano akisema kuna msanii ambaye maisha yake yote alitamani kuigiza naye na humu ndani wamekutana, watu wakataja Al Pacino, wakataja Benedict Cumberbatch anayecheza mchawi Doctor Strange, kumbe alikuwa anajisema yeye mwenyewe, maana humu anacheza Vision wawili, yule wa Wanda na yule mweupe aliyeundwa upya kutoka kwenye mwili wa Vision. Olsen naye alipoulizwa kama kuna mgeni wa kushtua wa kiwango cha Luke Skywalker alivyotokea kwenye sirizi ya The Mandalorian akakubali. Sasa shabiki wa kawaida unategemea afikirie nini?

Basi episodi ya 9 ikatoka. Pietro yule ni mkazi tu wa Westview, anaitwa Ralph Bohner, Agatha (yule yule jirani Agnes, kumbe ni mchawi) alimtia uchawi na kukaa nyumbani kwake. X-Men hakuna, Mephisto hakuna, Doctor Strange hakuna. Yule mtaalamu wa vyombo vya anga aliyetajwa na Monica Rambeau, ofisa wa serikali anayefuatilia mambo ya Westview, ambaye watu waliapa ni Reed Richards wa Fantastic Four, alishaonekana huko nyuma na ni mwanajeshi wa kawaida. Watu walichukia! Wiki ile ilikuwa matusi, wengine wanasema wamepotezewa wiki nane, wengine wanasema wametukanwa kwa lile jina la Bohner ambalo ni la matani ya chumbani.

Kwa hili la Ralph nawaelewa nusu. Ukimchukua Evan Peters mwenyewe kati ya waigizaji wote duniani halafu ukasema haina maana yoyote, hapo umemchezea mtu akili, na kwa kaka wa marehemu kufanywa utani mi sikupenda, kwa sababu kwa Wanda ule haukuwa utani, ni kaka yake. Lakini hasira za Mephisto na Strange hapana. Kevin Feige, bosi wa Marvel Studios, alikuja kueleza baadaye kwamba Strange alikuwemo kabisa kwenye mpango wakamtoa, hawakutaka aje mwanaume mwisho mwisho kumweleza Wanda nguvu zake zinafanyaje kazi na kumpora stori yake. Huo ni uamuzi bora kuliko yote waliyofanya humu. Fikiria tumekaa na huyu mama wiki nane, tumemjua hatua kwa hatua, halafu dakika za mwisho anatokea mtu mwenye joho anamaliza kesi. Na angekuja Mephisto ingekuwa mbaya zaidi, maana kila alichofanya Wanda kingehamia kwa shetani, yeye angetoka msafi, na sirizi nzima ingekuwa haina kitu ndani.

Kwa sababu hii sirizi ni ya msiba. Ndiyo maana nimesema episodi ya 8 uiangalie bila simu. Agatha (Kathryn Hahn, huyu mama ni moto) anamburuta Wanda kwenye kumbukumbu zake moja baada ya nyingine. Tunaona Sokovia, nchi aliyozaliwa, baba anauza DVD za vichekesho vya Kimarekani, familia imekaa inatazama ili wajifunze Kiingereza, kombora linaingia, wazazi wamekufa na TV bado inaonyesha. Hapo ndipo unaelewa kwa nini Westview nzima imekaa kama kipindi cha TV na moyo unakushuka. Halafu kile chumba cha kule makao ya Avengers, Pietro ameshakufa, Wanda anasema huzuni inampiga kama wimbi, akiinuka linarudi, mwisho litamzamisha, na Vision, ambaye hajawahi kuwa na ndugu wa kumpoteza, anamuuliza huzuni ni nini kama siyo upendo unaoendelea kuvumilia. Sentensi ile ilizunguka mitandaoni wiki nzima, wengine wakaisifu mpaka wakachora tatuu, wengine wakaikejeli wakasema ni maneno ya kwenye kadi. Wanaokejeli mi sibishani nao sana ila naona waliisoma kama maandishi tu bila kumuona Wanda pale kitandani, macho yake.

Na sisi huku naona tunaielewa kwa upande wetu. Mtu akifiwa hakai peke yake, turubai linafungwa, mikeka inatandikwa, kina mama wanalala hapo hapo, majirani wanapika, matanga yanakaliwa na arobaini inasomwa. Wanda kafiwa na wazazi, kaka, mume, na hakuna hata mmoja aliyemkalia matanga. Anaenda mwenyewe kuomba mwili wa Vision akauzike, anakuta umefumuliwa vipande vipande mezani, na Hayward, bosi wa shirika la serikali lililoushika ule mwili, anamwambia hawezi kumwachia vibranium, yale madini yaliyomuunda Vision, ya dola bilioni 3 akaifukie ardhini. Anatoka pale mikono mitupu anaendesha gari mpaka Westview, kwenye kiwanja alichonunua Vision wazeeke pamoja, anapiga magoti, na kile kilio chake ndicho kinachojenga nyumba, ukuta, mji, mume. Nimeona wanaosema Avengers wengine walikuwa wapi wakati huo, na hilo ni swali zuri kuliko yote ya Mephisto.

Sasa tuje kwenye kosa lenyewe. Wale wakazi wa Westview ni karibu elfu nne, na Wanda kawashika akili, hata kama mwanzo hakujua anachofanya. Kwenye episodi ya 9 Agatha anawafungua kidogo wanamzunguka Wanda, na yule Dottie ambaye mashabiki wengine walishamtangaza kuwa ndiye adui mkuu anasema jina lake halisi ni Sarah, ana binti, anaomba mtoto wake angalau atolewe chumbani hata akawe rafiki wa mapacha aliowazaa Wanda humo, apewe kazi yoyote kwenye kipindi, hata ya mtoto mkorofi shuleni. Wengine wanasema wakilala wanaota majinamizi ya Wanda. Wanamwambia kama huwezi kutuachia basi tuache tufe. Jamani. Ile ni sehemu nzito kuliko vita vyote vya angani vya episodi ile, kwa sababu anayeumiza watu ni steringi wetu tunayempenda na tumemlilia wiki iliyopita.

Halafu inaisha, mji umefunguliwa, Vision na watoto wametoweka pamoja na ule uchawi, Wanda anapita katikati ya wale watu wanamwangalia kwa chuki, na Monica Rambeau anamwambia hawatajua kamwe ulichojitolea kwa ajili yao. Hapo nilipiga kelele. Alichojitolea kwa ajili yao? Yeye ndiye aliyewafunga! Sarah mtoto wake yuko wapi, kakutana naye? Hatuonyeshwi. Hakuna anayesimama mbele yao kusema nimewakosea kwa hiki na hiki, Wanda anamwomba msamaha Monica kwa maneno mafupi tu halafu anaruka zake. Walikuwepo mashabiki waliolisema hili kuanzia siku ile ile, wachache, sauti zao zikamezwa na wenye kudai X-Men, na mi nasema wale ndio waliokuwa wametazama kweli. Hayward kakamatwa kwa sababu ni mbaya anayechukiza, Agatha kafungwa kwenye akili ya Agnes hapo hapo Westview (wakazi wanaachiwa mchawi awe jirani yao tena), na steringi anaondoka.

Nisionekane nimeiponda lakini, maana ina mambo makubwa. Vision wawili kwenye maktaba, badala ya kupigana wanaulizana habari za jahazi la Theseus, ukibadilisha mbao moja moja mpaka zote zimeisha je bado ni jahazi lile lile, yule mweupe anapewa kumbukumbu zake anaruka kupitia darini, na mpaka leo sijaona vita vya mashujaa vilivyomalizwa kwa akili namna ile. Na yale maagano. Ukuta wa uchawi unarudi nyuma taratibu kuelekea nyumbani, Wanda anawalaza watoto anawashukuru kwa kumchagua awe mama yao, anashuka chini, Vision anajua anakwenda kutoweka na anamwambia tumeshaagana kabla kwa hiyo tutasalimiana tena. Asiyeguswa hapo sijui.

Marvel wenyewe baadaye wakachanganya zaidi, 2022 kwenye muvi ya Doctor Strange Wanda ni muuaji moja kwa moja, na mashabiki wakagawanyika tena, ila mi naona mbegu iko pale pale, aliondoka Westview bila kuwajibika. Agatha akapata sirizi yake 2024 na Ralph Bohner akarudi kidogo, safari hii anaonyeshwa alivyoharibika kichwa na yale aliyofanyiwa na Agatha, kitu nilichokitaka tangu mwanzo. Na Mephisto mwenyewe amekuja kutokea 2025 kwenye Ironheart, kachezwa na Sacha Baron Cohen, kwa hiyo waliomsubiri wamempata.

Episodi ya 8 naipa 10 kwa 10. Ya 9 naipa 7, na zile 3 zote nimezikata kwa ajili ya Sarah na wenzake. Ukianza leo usikate tamaa na zile mbili za mwanzo zinazoenda taratibu bila rangi, vumilia mpaka ya 4 ndipo unatoka nje ya mji na mambo yanafunguka, na ya 8 na 9 zitazame usiku mmoja usizitenganishe.