Kutabiri drafti kwenye ligi ya kuigiza ya hoki ya barafu: uzoefu wangu

Anayecheza fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza ameshazoea kwamba Haaland anaweza kuwa kwenye kikosi chake na kwenye kikosi cha jirani yake wiki hiyohiyo. Kwenye ligi ninayoieleza hapa jambo hilo haliwezekani. Mchezaji ni mmoja na mwenye naye ni mmoja. Ukimtaka, unamchukua kwenye drafti, yaani zoezi la timu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu, kabla hajachukuliwa, la sivyo unambembeleza aliyenaye mbadilishane. Ndiyo maana siku ya drafti ni sikukuu ya ligi nzima, na shindano la kutabiri nani atamchukua nani limenikamata kuliko hata mechi zenyewe.

Kwanza kitu chenyewe. Ligi yetu inaendeshwa kwa Eastside Hockey Manager, mchezo wa kompyuta wa Sports Interactive, walewale wanaotengeneza Football Manager. Ulianza mwaka 2001 kama programu ya bure ya Mfini mmoja, Risto Remes, ukaingia sokoni 2004, na toleo tunalotumia sisi ni la 2015. Huchezi kwa vidole kama kwenye konsoli. Wewe ni meneja: unaajiri maskauti wa kupima vipaji, unasaini mikataba, unapanga nani ashambulie na nani, halafu kompyuta inacheza mechi. Kila timu ina meneja wake ambaye ni mtu kweli, mmoja yuko Kanada, mwingine Ufini, mwingine Sweden, mimi niko Dar es Salaam. Mwendeshaji wa ligi anasogeza siku za msimu kwa ratiba, sote tukiwa tumeshatuma maagizo yetu.

Shindano la utabiri linafunguliwa msimu ukiisha. Mwendeshaji anatoa orodha ya vijana wanaostahiki kuchaguliwa, pamoja na mpangilio wa timu. Unajaza raundi nzima ya kwanza, jina kwa jina. Jina likiangukia namba ileile uliyoliandikia unapata pointi tatu. Mchezaji akichukuliwa raundi ya kwanza lakini kwa namba nyingine, pointi moja. Hakuna kiingilio na hakuna hela. Wazee wa mikeka wataona ni kupoteza muda, lakini mimi naona hilo ndilo linalofanya watu waelezane sababu zao waziwazi, kwa kuwa hakuna anayeficha siri ya kumtajirisha.

Kwa mgeni wa mchezo huu, drafti yetu inafuata ile ya NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini. Timu zilizofanya vibaya ndizo zinazochagua mapema. Ili timu isijiachie kufungwa kwa makusudi, NHL iliweka bahati nasibu mwaka 1995: siku hizi mipira 14 yenye namba inaingizwa kwenye mashine, inatoka minne, na timu iliyoshika mkia ina nafasi ya asilimia 25.5 tu ya kupata chaguo la kwanza. Kule ziko timu 32 na raundi saba, yaani machaguo 224. Sisi tunatabiri ile ya kwanza peke yake, na inatosha kabisa kukukosesha usingizi.

Sasa nifike kwenye utamu wenyewe. Karibu kila mgeni anaanzia mahali pamoja: anafungua ukurasa wa mchezaji na kusoma namba. Kasi 16, kupiga pasi 14, kusoma mchezo 11, kila sifa ikipimwa kutoka 1 hadi 20. Halafu anawapanga vijana kwa ubora na kuituma hiyo orodha kama utabiri. Shida ni kwamba namba mbili zenye uzito kuliko zote hazionekani. Ndani ya mchezo kila mchezaji ana kipimo cha uwezo wa sasa na kipimo cha upeo atakaoufikia, vyote hadi 200, na vyote vimefichwa. Kwenye skrini unachoona ni maoni ya skauti wako tu, na skauti naye ana sifa zake: yuko anayejua kupima uwezo wa leo lakini upeo wa kesho haujui, na yuko ambaye hayo ni kinyume chake.

Maana yake ni nini? Mameneja wawili wakimfungua kijana mmoja wanaona watu wawili tofauti. Kwenye drafti iliyopita alikuwepo beki wa Kifini, mrefu, mtulivu, ambaye skauti wangu alimpa nyota nyingi na kuandika kwamba atakuja kuwa nguzo ya ulinzi. Mwenzangu wa Kanada aliponionyesha ripoti yake, beki huyohuyo alikuwa wa kukaa benchi. Hakuna kati yetu aliyekuwa na uhakika, na mwendeshaji haruhusiwi kufungua siri. Kwa hiyo ukitabiri kwa ripoti yako, umetabiri ambacho ungechagua wewe. Lakini wewe una zamu moja tu. Zamu zilizobaki zote ni za watu ambao ripoti zao huzioni.

Msimamo wangu, na ndio ningempa mtu yeyote anayetaka kujiunga, ni huu: usimtabirie mchezaji, mtabirie meneja. Kumbukumbu za drafti zote zilizopita za ligi yetu zimehifadhiwa, na kwa maoni yangu hicho ndicho kitu bora kuliko vyote kwenye huduma hii. Unamchukua meneja mmoja, unafuatilia machaguo yake tangu alipoingia, na tabia yake inajianika. Yuko ambaye hajawahi kutumia chaguo la juu kwa kipa. Yuko Mswidi ambaye kila akipewa nafasi anarudi kwao kuchukua winga mwepesi. Yuko anayechagua kwa haraka sekunde zikiwa hazijaisha, dalili kwamba jina alikuwa nalo tangu zamani, na yuko anayengoja hadi saa inakaribia kugonga kwa sababu bado anapokea simu za kubadilishana.

Mfano mmoja niuone kwa karibu. Chaguo la tano la drafti iliyopita lilikuwa mikononi mwa meneja ambaye karibu orodha zote zilimpa winga wa Kirusi, fundi wa kufunga. Kwa namba za skrini winga yule alistahili hata nafasi ya pili. Mimi niliangalia alichofanya meneja katikati ya msimu. Aliuza masenta (washambuliaji wa katikati) wawili wenye umri mkubwa siku ya mwisho ya kubadilishana, na hakuleta senta mwingine. Mkataba wa senta wake wa kwanza ulikuwa umebakiza mwaka mmoja. Na kwenye gumzo la ligi, mtu alipomtania kwamba timu yake inasukumwa kama watoto mbele ya goli, alijibu kwa neno moja tu: “Nasikia.” Nikamwandikia senta wa Kicheki, mrefu kuliko wote kwenye orodha, ambaye wengi walikuwa wamemweka namba ya kumi na kuendelea. Saa ikahesabu, jina likatokea kwenye skrini: senta yule. Gumzo likalipuka. Raha ya dakika ile sijaipata kwenye mkeka wowote wa mpira.

Msidhani kubahatisha huku ni kwa sababu wachezaji wetu ni wa kompyuta. Drafti ya kweli nayo inawaumbua wataalamu ambao hiyo ndiyo kazi yao. Mwaka 2022, drafti ikifanyika Montreal kwenyewe, Shane Wright alikuwa ametajwa muda mrefu kuwa namba moja. Canadiens, timu ya hapohapo Montreal, wakamchukua Juraj Slafkovský wa Slovakia, na Wright akasubiri hadi namba nne, akaenda Seattle. Mwaka 2023 wengi walimwona Adam Fantilli kuwa wa pili nyuma ya Connor Bedard. Anaheim wakamchukua Leo Carlsson, Fantilli akashuka namba tatu, Columbus. Mwaka uliofuata, ndani ya ukumbi wa Sphere wa Las Vegas, ni Anaheim haohao waliosimama na kumtaja Beckett Sennecke namba tatu, na uso wa kijana mwenyewe ulionyesha kwamba hakutegemea. Anayemfuata meneja badala ya orodha angalau alikuwa na sababu ya kuishuku Anaheim mara ya pili.

Hapo ndipo penye lawama yangu kubwa kwa namna ligi yetu inavyohesabu pointi. Mtu mmoja akifanya jambo lisilotarajiwa namba tatu, mlolongo wote unasogea. Uliyemwandika namba tatu anachukuliwa namba nne, wa nne anakwenda wa tano, na mkeka wako unachanika hadi chini ingawa ulikuwa umepanga vijana vizuri. Aliyekosa kwa hatua moja anapewa pointi sawa na aliyekosa kwa hatua ishirini. Hiyo si haki hata kidogo. Nimeshapendekeza pointi mbili kwa anayekaribia kwa nafasi mbili juu au chini, na pointi ya ziada kwa anayepatia timu hata kama namba imehama kwa sababu machaguo yamebadilishana mikono. Naendelea kulidai hilo, kwa sababu kumsoma meneja ndiyo kazi ngumu, na kanuni ya sasa haiilipi.

Jambo lingine ni muda. Drafti inaanza saa mbili usiku kwa saa za Toronto, ambayo majira ya joto ni saa tisa usiku huku kwetu. Kila meneja ana dakika tatu. Wakizitumia zote, na wengi wanazitumia, raundi inaisha alfajiri inakaribia. Kwa mtu wa Afrika Mashariki anayeingia kazini asubuhi, hilo lipimwe kabla ya kujiunga. Afadhali ni kwamba kila kitu ni maandishi, hakuna video, kwa hiyo bando halikatiki. Na utabiri wenyewe unatumwa mapema, hulazimiki kukesha ili upate pointi zako. Mimi nakesha kwa kupenda.

Orodha ya vijana nayo ingetolewa mapema zaidi. Msimu uliopita ilichelewa, ikatolewa siku chache tu kabla ya kufunga, na waliokuwa na maskauti wengi walikuwa wameshawajua vijana wote huku sisi wenye timu zenye bajeti ndogo tukianza kusoma majina. Shindano la wazi linataka wote waone orodha kwa wakati mmoja, na kwa muda wa kutosha.

Ningependa pia raundi za chini zipewe heshima, hata kwa swali moja la ziada. Detroit walimpata Pavel Datsyuk kwa chaguo la 171 mwaka 1998 na Henrik Zetterberg kwa chaguo la 210 mwaka 1999. Mwaka 2000 Rangers wa New York wakampata kipa Henrik Lundqvist kwa chaguo la 205. Ndani ya mchezo wetu mambo ya aina hiyo yanatokea, kwa sababu ule upeo uliofichwa hausomi orodha ya mtu. Swali kama “nani wa raundi ya tatu kwenda chini atacheza timu ya kwanza ndani ya miaka mitatu” lingewapa kazi wanaofuatilia vijana kwa dhati, na jibu lake tungelingoja pamoja misimu kadhaa.

Yuko atakayesema kuna faida gani kuwatabiria watu wasiokuwepo duniani, maana baada ya misimu ya mwanzo karibu vijana wote wanaoingia wamebuniwa na kompyuta. Huyo asimuliwe kisa cha Buffalo, timu ya NHL. Mwaka 1974 meneja wao Punch Imlach, kwa kuchoshwa na drafti iliyokuwa inafanywa kwa simu, alimchagua kwa namba 183 Mjapani aitwaye Taro Tsujimoto. NHL ikamwandika rasmi, kumbe hakuna mtu wa namna hiyo, Imlach alimtunga. Mashabiki wa Buffalo wanamkumbuka hadi leo. Kinachowashika watu kwenye drafti ni kusubiri jina litajwe, na mimi nimewasubiri vijana wa kompyuta kwa moyo uleule.

Na akiniuliza barafu na sisi wapi na wapi, namwelekeza kwa Ice Lions wa Nairobi, waliojifunzia kwenye kiwanja cha barafu cha hoteli ya Panari, kidogo kuliko uwanja wa kawaida wa hoki, na bado wakaenda kucheza Kanada mwaka 2018 pamoja na nyota wa NHL Sidney Crosby na Nathan MacKinnon.

Nani ajiunge? Anayependa mpira kwa ajili ya usajili kuliko matokeo, mchezo huu ni wake. Anayetaka jibu kila wikiendi atachoka, kwa kuwa huku unasoma watu msimu mzima kwa ajili ya usiku mmoja. Kiingereza cha kusomea gumzo kinahitajika, ila si kingi. Hoki utaijulia humohumo. Mimi niliingia nikijua tu kwamba kipa anavaa vitu vingi. Kati ya tano naipa nne, na ile moja iliyobaki ni ya kanuni ya pointi. Drafti ijayo meneja yule aliyechukua senta wa Kicheki ana machaguo mawili ndani ya kumi bora, mabeki wake watatu wamepita miaka 33, na kwenye orodha ya awali yumo beki mmoja kutoka Ufini ambaye hakuna anayemtaja. Jina lake nimeshaliandika.