Energise Africa: riba inavutia, ila jua unamkopesha nani

Energise Africa ni jukwaa la Uingereza lililoanzishwa 2017 na Ethex pamoja na Lendahand ya Uholanzi. Hukusanya pesa za watu wa kawaida, kuanzia pauni 50, na kuzikopesha kampuni changa, nyingi zikiwa zinauza sola za kulipia kidogo kidogo Afrika. Kwa Mswahili aliyeko Birmingham au Leicester, biashara yenyewe si ngeni: mteja analipa kianzio, anabeba paneli, betri na taa, kisha anatuma vijisenti kwa simu. Asipolipa, mtambo unajizima.

Unachonunua hapa ni hatifungani, yaani hati ya kuikopesha kampuni kwa riba, wala si hisa. Kampuni ikikua mara kumi, faida hiyo ni ya wenye hisa. Ikianguka, mtaji wako unaweza kwenda nayo. Yaani unabeba sehemu kubwa ya hatari ya mwenye hisa kwa malipo ya mkopeshaji. Hii ndiyo kasoro kubwa ya bidhaa nzima, na picha za watoto wakisoma kwa taa ya sola hazikuambii hilo.

Kujiunga si kazi: kitambulisho, maswali ya kupima kama umeelewa hatari, tamko kwamba hutaweka zaidi ya asilimia 10 ya mali yako, halafu mgeni anasubiri saa 24. Usikasirikie huo mzunguko. Kampuni ikishindwa kulipa, FSCS, mfuko wa Uingereza wa kufidia wateja wa taasisi za fedha, haukuhusu. Ukiwekeza kupitia IFISA, akaunti maalumu ya Uingereza kwa uwekezaji wa aina hii, riba haitozwi kodi.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo wengi hujidanganya. Chukua mfano wa pauni 1,000, riba asilimia 7, miaka 3, mtaji ukirudi kwa mafungu sawa kila miezi 6. Riba yote ni pauni 122.50, si 210, kwa sababu deni linapungua kila awamu. Gawa pesa hizo kwa kampuni kumi. Moja ikikwama baada ya awamu mbili, na kilichobaki kisipatikane, faida inashuka hadi pauni 50. Zikikwama mbili, umepata hasara ya pauni 22.50.

Kinachoziangusha kampuni hizi mara nyingi si paneli. Mteja analipa kwa shilingi, deni ambalo kampuni inakudaiwa wewe ni la pauni. Kenya, dola ilipanda kutoka takriban shilingi 123 mwanzoni mwa 2023 hadi karibu 160 Januari 2024; aliyeshaweka bei ya shilingi 50 kwa siku hawezi kumwongezea mteja katikati ya mkataba. Lingine ni kwamba kadiri mauzo yanavyokua, ndivyo pesa taslimu inavyokauka: mtambo umelipiwa leo, mteja atamaliza baada ya miezi mingi. Mobisol ya Berlin ilikuwa na wateja Tanzania, Rwanda na Kenya, na bado iliingia kwenye ufilisi 2019 kabla ya kununuliwa na ENGIE, kampuni ya nishati ya Ufaransa.

Kwa hiyo, kabla ya kubonyeza, fungua nyaraka za toleo na utafute kiwango cha makusanyo (kilicholipwa kikigawanywa kwa kilichotakiwa kulipwa) na sehemu ya madeni iliyochelewa zaidi ya siku 30. Idadi ya mitambo iliyouzwa haitoshi. Kuuza kwa mkopo ni rahisi, kukusanya ndiyo kazi. Kisha angalia nani analipwa kwanza. Benki za maendeleo zikiwa na dhamana juu ya madeni ya wateja, wewe uko nyuma ya foleni.

Tunaipa nyota tatu kati ya tano. Inamfaa mwenye pauni 500 za kugawa kwa kampuni kumi katika nchi na sarafu tofauti. Asiyefaa kabisa ni yule anayeweza kuzihitaji kabla ya muda: usitegemee kupata mtu wa kumuuzia hatifungani hizi katikati ya safari.