Tahadhari: Unga wa upupu unaouzwa kama tiba ya Parkinson

Nawatahadharisha wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na ugumu wa kutembea, na wanaowauguza, kuhusu muuzaji anayetangaza mtandaoni unga wa mbegu za upupu, akidai kwamba unaponya ugonjwa huo kabisa na kwamba mgonjwa aache dawa za hospitali mara tu anapoanza kuutumia, eti "zisipigane" mwilini. Kopo lenyewe halina jina la mtengenezaji wala kiwango cha kiambato, na malipo hudaiwa kabla ya mzigo kutumwa.

Uongo huu ni mgumu kuubaini kwa sababu umejengwa juu ya jambo la kweli. Mbegu za upupu zina levodopa, kemikali ileile iliyomo katika vidonge vingi vya Parkinson, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, kemikali inayouwezesha kuongoza miendo ya mwili. Kwa hiyo mtumiaji anaweza kweli kupungua kutetemeka na kutembea kwa wepesi kidogo, akaamini kwamba amepona. Hajapona. Seli zinazotengeneza dopamini huendelea kufa, na mpaka sasa hakuna dawa, iwe ya mmea au ya kiwandani, iliyothibitishwa kukomesha hali hiyo.

Linalonitisha zaidi ni agizo la kuacha dawa. Kukatiza levodopa ghafla kunaweza kuleta homa kali, kukakamaa kwa misuli na kuvurugika kwa fahamu, hali inayoweza kuua. Naye anayechanganya unga na vidonge hujiongezea dozi asiyoijua, maana kiasi cha levodopa hutofautiana kati ya mbegu na mbegu. Anaweza kupatwa na kichefuchefu, kizunguzungu kutokana na shinikizo la damu kushuka anaposimama, mwili kujinyonganyonga wenyewe, hata kuona maruweruwe. Isitoshe, vidonge kwa kawaida huambatanishwa na kabidopa, inayozuia levodopa isigeuke dopamini kabla ya kufika kwenye ubongo, na unga hauna kinga hiyo.

Sibezi mitishamba: galantamini, dawa inayopunguza makali ya dalili za Alzheimer (ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu), asili yake ni mimea, ila hutolewa kwa miligramu zilizopimwa. Muuzaji huyu sasa analinadi kopo lilelile kwa wagonjwa wa Alzheimer pia, ilhali levodopa si tiba ya ugonjwa huo.

Aliyekwisha kuanza kuutumia asijipangie mwenyewe namna ya kuuacha au kurudia vidonge, bali awahi kwa daktari wake akiwa na kopo hilo, aeleze ameutumia kiasi gani na tangu lini.