Starrett 827B: kitafuta ukingo kizuri, ila namba yake ni ya inchi

Kitafuta ukingo ni kifaa kinachofungwa kwenye mashine ya kukata chuma (milling) ili kujua ukingo wa kipande uko wapi hasa kabla ya kutoboa. Kiwiliwili cha 827B kina kipenyo cha inchi 3/8. Upande mmoja kuna kichwa cha duara cha inchi 0.200, upande wa pili ncha kali kama ya penseli. Vyote viwili vimeshikwa na springi ya ndani, ndiyo maana vinateleza pembeni ukivisukuma. Hakina betri wala taa, na hapo kinawashinda wenzake wa umeme: vile vya taa vinahitaji kipande kinachopitisha umeme, kwa hiyo kwenye plastiki haviwaki.

Kibane kwenye koleti (bushi yenye mipasuo inayokaza kifaa pande zote), si kwenye chaki ya drili. Koleti ya aina ya ER ya milimita 10 hukaza mpaka 9, hivyo milimita 9.525 za kifaa hiki zinaingia bila shida. Koleti ya aina ya R8 ya milimita 10 haikazi kiasi hicho, usiilazimishe. Tafuta ya 3/8.

Sukuma kichwa kwa kidole kikae upande, kisha washa spindeli (mhimili unaozungusha kifaa) kwa mizunguko 800 hadi 1,000 kwa dakika. Kitapepesuka. Sogeza meza taratibu. Kikigusa kipande, kupepesuka kutapungua mpaka kichwa kitulie. Wengi husimama hapo na kusoma kipimo, na hapo ndipo wanapokosea, maana "kutulia" ni jicho kubahatisha. Endelea kwa sehemu moja ya mia ya milimita, au pungufu, mpaka kichwa kiruke ghafla kufuata ukingo. Msuguano wa kipande ndio unaokivuta. Ukisogeza haraka mwishoni utapita mahali hapo bila kujua. Rudi nyuma, kipange upya, rudia mara tatu. Namba zisipolingana, usianze kutoboa.

Kikiruka, inua spindeli kwanza, kisha sogea nusu ya kipenyo cha kichwa, yaani inchi 0.100. Kwenye mashine ya Bridgeport ya inchi, mzunguko mmoja wa mkono wa meza ni inchi 0.200, kwa hiyo nusu mzunguko tu inatosha. Mwenye mashine ya milimita ndiye anayeumia: nusu hiyo ni 2.54, na akiandika 2.5 kila tundu limekaa kando kwa 0.04. Kama karakana yako ni ya milimita tupu, nunua chenye kichwa cha milimita 4 au 10 hata kama hakina jina kubwa. Utasogea 2 au 5, basi.

Kipimo cha gurudumu la mkono wa meza kina adui mwingine: pleyi, yaani ulegevu wa skrubu inayosogeza meza. Gusa ukingo na peleka tundu mahali pake ukielekea upande uleule. Ukitafuta katikati ya kipande kwa kugusa pande mbili, kipenyo cha kichwa kinajifuta chenyewe, hakuna cha kupunguza, ila sasa unagusa kutoka pande zinazopingana na pleyi yote inaingia kwenye hesabu. Mwenye kisomeo cha kidijitali mezani, kinachopima mwendo wa meza yenyewe, hana shida hiyo.

Kukijaribu ni rahisi. Funga kwenye jiliwa bloku ya kipimo (kipande cha chuma chenye unene sahihi kabisa) ya milimita 25.40, gusa upande huu na ule. Safari, pleyi ikiwa imeondolewa kwenye hesabu, iwe 30.48: 25.40 za bloku na 5.08 za kichwa. Ikipungua, kila mguso unachelewa kwa nusu ya upungufu huo.

Kinachokiharibu zaidi ni kasi. Kikizungushwa kwa maelfu, kichwa hurushwa nje na springi ikavutika, na springi iliyovutika hairudishi kichwa sawasawa. Chenga za chuma zikiingia kati ya kichwa na kiwiliwili, hakitelezi vizuri: kivute kichwa kidogo, futa nyuso zote mbili, weka tone la mafuta mepesi. Ukingo wa kipande nao upige tupa, kwa sababu vinundu vya chuma vilivyoachwa na msumeno ndivyo vitakavyoguswa kwanza.

Ile ncha kali ni ya kulenga mistari iliyochorwa na alama za panchi, na usahihi wake ni wa macho yako. Kama huchori kazi kwa mkono mara nyingi, 827A yenye kichwa kimoja tu cha 0.200 inatosha.